Jina Moja, Watu Wawili: Mwongozo Kamili wa Kuwatenganisha Wanamichezo na Wasanii Wajina

Ukitaja Mohamed Ali kwenye baraza la Kibokoni, jibu la kwanza ni swali: yupi? Mwana wa nani? Wa mtaa gani? Mombasa imejaa akina Mohamed Ali, Salim Ali na Ali Salim, na wenyeji wamezoea kumbana mtu kwa jina la babake, mtaa wake na lakabu yake kabla mazungumzo hayajafika mbali. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akishika simu aandike stetasi ya michezo, au akikaa studio asome habari za burudani, utaratibu ule anauacha mlangoni na viatu vyake. Anaandika "Kiplagat ashinda", basi, na wasomaji wanabaki kuulizana ni Kiplagat gani.

Rai yangu ni kuwa yale maswali ya barazani yanatosha kutatua karibu kila mkanganyiko wa wajina, awe ni mkimbiaji wa Eldoret, mwigizaji wa Marekani au mwimbaji wa taarabu wa Mji wa Kale. Kinachotakiwa ni kujua pa kuyaulizia. Mwongozo huu ni wa mtangazaji, mwandishi wa maelezo ya picha, mchoraji wa posta, MC, na yule anayetungia wenzake chemshabongo. Fuata hatua kwa mpangilio mara ya kwanza; ukishazoea utaruka nyingine.

Hatua ya 1: Jua majina yamekutana vipi

Usikimbilie Google. Tazama kwanza ni ufanano wa aina gani, maana kila aina ina dawa yake.

Kuna waliokutana kwa bahati, kila mtu na fani yake. James Blake mmoja ni mcheza tenisi wa Marekani, mzaliwa wa 1979, aliyewahi kushika nafasi ya 4 duniani. James Blake mwingine ni mwanamuziki wa Uingereza, mzaliwa wa 1988, aliyetwaa tuzo ya Mercury mwaka 2013. Hawa neno moja linawatenganisha: "mcheza tenisi" au "mwanamuziki". Liweke mbele ya jina, usilitupe aya ya nne.

Kuna waliokutana ndani ya fani moja, na hapo neno la fani halikusaidii kitu. Tarehe 16 Oktoba 2020, katika mechi za mchujo za besiboli ya Marekani, Will Smith wa Los Angeles Dodgers aliupiga mpira ukavuka ua la uwanja. Aliyemrushia mpira huo alikuwa Will Smith wa Atlanta Braves. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Novemba 2021, kwenye mpira wa Kimarekani, Josh Allen mlinzi wa Jacksonville Jaguars alimwangusha Josh Allen wa Buffalo Bills, kisha akamnyakulia pasi. Ukisimulia mechi kama hizo, taja timu na nafasi kila mara, hata kama msikilizaji atakuona unajirudia. Yule mlinzi tangu 2024 anajiita Josh Hines-Allen, kwa hiyo habari za zamani na za sasa zinamtaja kwa majina tofauti ilhali mtu ni yule yule.

Kuna waliopewa jina la mtu kwa mapenzi. Bondia Tyson Fury babake alimwita Tyson kwa sababu ya Mike Tyson. Lewis Carl Hamilton wa magari ya Formula 1 amebeba jina la mkimbiaji Carl Lewis. Cristiano Ronaldo alipewa jina la pili kutokana na Ronald Reagan, siyo kutokana na mchezaji yeyote wa Brazil. Hawa ni nadra kuchanganywa, ila usiwatilie undugu ambao haupo.

Halafu kuna aina inayowavuruga wengi kuliko zote: mtu mmoja anayeonekana wawili. Mwaka 2018 klabu ya Coastal Union ya Tanga ilimsajili mchezaji aitwaye Ali Kiba. Waliodhani ni wajina wa mwimbaji walikosea. Ni Ali Saleh Kiba huyo huyo wa Bongo Fleva, ambaye mwaka huo huo alikuja Mombasa kuoa. Michael Jordan wa mpira wa kikapu naye mwaka 1994 alikuwa kwenye timu ya besiboli ya Birmingham Barons. Kabla hujawagawa watu, hakikisha ni wawili kweli.

Hatua ya 2: Jina la mkimbiaji usilikate

Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa kuwa Kenya ndiko kwenye mgodi wa wajina wa riadha, na sisi wa Pwani tunaosoma majina ya Bonde la Ufa kutoka mbali ndio tunaoyakata ovyo.

Chukua Boston. Robert Cheruiyot alishinda mbio za marathoni za mji huo mwaka 2003, 2006, 2007 na 2008. Robert Cheruiyot alishinda tena mwaka 2010 kwa saa 2:05:52, rekodi ya njia ile wakati huo. Ukiyasoma hivyo utasema bingwa mmoja mara tano. Sivyo. Wa kwanza ni Robert Kipkoech Cheruiyot, mzaliwa wa 1978. Wa 2010 ni Robert Kiprono Cheruiyot, aliyemfuata kwa miaka kumi. Jina la kati, ambalo wahariri wengi hulifuta kuokoa nafasi, ndilo linalobeba mzigo wote. Kwa Wakalenjin jina hilo hutokana na saa au hali ya kuzaliwa (Kipkoech wa alfajiri, Kiprono wa jioni mbuzi wanaporudi zizini), hivyo maelfu ya watu wasio na nasaba yoyote wanalibeba. Kumwandika mtu "Kiprono" peke yake ni kutosema chochote.

Mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji zina mtego kama huo. Bingwa wa Olimpiki wa Beijing 2008 ni Brimin Kipruto. Bingwa wa Rio 2016 ni Conseslus Kipruto. "Kipruto atwaa dhahabu ya Olimpiki" ni kweli mara mbili, kwa watu wawili, mbio zile zile.

Aprili 2011 ilikuwa mtihani wa watangazaji. Tarehe 17, Emmanuel Mutai alishinda London kwa 2:04:40. Kesho yake Geoffrey Mutai akashinda Boston kwa 2:03:02, muda ambao haukuandikwa rekodi ya dunia kwa kuwa njia ya Boston haikidhi masharti ya mteremko na ya umbali kati ya mwanzo na mwisho. Novemba wakakutana New York: Geoffrey wa kwanza, Emmanuel wa pili. Si ndugu. Katika habari kama hii kanuni yangu ni moja: jina la ukoo lisisimame peke yake hata mara moja. Mtaje Geoffrey, mtaje Emmanuel, hata kama mtindo wa chumba chenu cha habari ni kutumia jina la mwisho. Mtindo ukikupotezea msikilizaji, uache.

Na Kiplagat tuliyeanza naye? Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa Mombasa tarehe 24 Machi 2007, na joto la siku ile lilimshinda hata Kenenisa Bekele, aliyetoka kabla ya mwisho. Upande wa wanawake wakubwa mshindi alikuwa Lornah Kiplagat, aliyezaliwa Kenya lakini akakimbia kwa bendera ya Uholanzi. Mwaka 2009 bingwa wa mbio hizo hizo za nyika, kule Amman, akawa Florence Kiplagat, wa Kenya. Mwaka 2011 Edna Kiplagat akatwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Daegu mwezi wa Agosti, na mwezi uliofuata Florence akashinda marathoni ya Berlin. Wanawake watatu, bendera mbili. Ukiandika "Kiplagat bingwa wa zamani wa mbio za nyika", Lornah na Florence wote wanaingia.

Kwa Waethiopia na Waeritrea mambo ni karibu na ya kwetu Pwani: jina la pili ni la baba. Bekele ni babake Kenenisa na Tariku. Dibaba ni babake Tirunesh, Ejegayehu na Genzebe. Mshindi wa wanaume wa Mombasa 2007, Zersenay Tadese wa Eritrea, ana ndugu mkimbiaji, Kidane Tadese. Ukimwita "Tadese" unamtaja baba. Heri useme Zersenay.

Kinyume chake pia kipo. McDonald Mariga, aliyekuwa na Inter Milan iliposhinda Ligi ya Mabingwa ya Ulaya 2010, na Victor Wanyama aliyechezea Southampton na Tottenham ni ndugu wa damu, japo majina yao hayafanani. Kutofautiana kwa jina hakukati udugu.

Hatua ya 3: Wa kwetu waulizie kwa baba, mtaa na lakabu

Jina la Bhalo linatosha kuonyesha kazi ilivyo. Juma Bhalo mwimbaji wa taarabu, aliyefariki 2014, jina lake kamili ni Mohamed Khamis Juma Bhalo. Ahmad Nassir Juma Bhalo, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1936, ni mshairi, yule Malenga wa Mvita. Ni jamaa wa nasaba moja, na baadhi ya tungo alizoimba mmoja zimetoka kwenye kalamu ya mwenziwe. Sasa mtangazaji akisema "wimbo huu ni wa Bhalo", amesema kweli na hajasema kitu: wa Bhalo aliyeuimba, au wa Bhalo aliyeutunga? Tamka zote mbili, "umetungwa na Ahmad Nassir, umeimbwa na Juma Bhalo", kila unapojua.

Na Ahmad Nassir huyo naye usimpeleke bungeni. Shariff Nassir mwanasiasa wa KANU ni mtu mwingine, aliyefariki 2005, babake Abdulswamad Shariff Nassir ambaye ni gavana tangu 2022.

Mohamed Ali tuliyemtaja barazani ana sura mbili kubwa. Bondia Muhammad Ali, aliyezaliwa Cassius Clay 1942, akabadili jina 1964, akafariki 3 Juni 2016. Na Mohammed Ali wa Jicho Pevu, mwandishi wa upekuzi aliyeingia bungeni 2017 kwa kiti cha Nyali. Zingatia tahajia: Muhammad, Mohammed, Mohamed. Mtandaoni hizo ni milango mitatu, na kila mlango una watu wake. Fanya hivyo hivyo kwa Abdalla na Abdallah, Khamis na Hamisi, Salim na Saleem, Bakari na Abubakar. Jaribu tahajia zote kabla hujasema "hayupo".

Juma anahitaji tahadhari ya peke yake, kwa kuwa huwa jina la mtu na huwa la babake. Maulidi Juma wa Maulidi Musical Party ni Maulidi mwana wa Juma. Juma Nature ni Juma mwenyewe. Orodha za kompyuta zinazopanga majina kwa "la mwisho" huwaweka watu hawa pasipo pao, kwa hiyo usiamini mpangilio wa alfabeti.

Hatua ya 4: Jaza kadi

Kwenye simu yako fungua daftari, uwe na kadi moja kwa kila mtu unayemtaja mara kwa mara na ambaye ana wajina. Mambo matano yanatosha:

- Jina kamili, pamoja na la kati au la babu
- Tarehe ya kuzaliwa, angalau mwaka
- Kazi, na ndani ya kazi nafasi yake (mita 1,500, kipa, mpiga udi)
- Anakotoka: nchi, mji, au mtaa
- Jambo moja alilolifanya yeye tu, na mwaka wake

Mfano. Kadi ya kwanza: Michael Jeffrey Jordan, 17 Februari 1963, mpira wa kikapu, mlinzi, mzaliwa wa Brooklyn, mataji sita na Chicago Bulls kati ya 1991 na 1998. Kadi ya pili: Michael Bakari Jordan, 9 Februari 1987, mwigizaji, mzaliwa wa Santa Ana, California, aliigiza bondia kwenye Creed ya 2015. Hiyo herufi B anayoiweka katikati ni Bakari, na Pwani hakuna anayehitaji kukumbushwa zaidi ya hapo: mpe jina la Bakari hewani mara moja, wasikilizaji wako hawatamchanganya tena na yule wa Bulls.

Jambo la tano, lile la peke yake, ndilo litakalokuokoa saa ya haraka. Mwaka wa kuzaliwa unaweza kuusahau katikati ya matangazo. "Yule wa Vienna 1:59:40" hutamsahau. Huyo ni Eliud Kipchoge, Oktoba 2019. Kipchoge Keino ni yule wa dhahabu ya mita 1,500 Mexico 1968, na uwanja wa Eldoret umepewa jina lake yeye, siyo la Eliud. Nimewasikia watu wazima wakigombana juu ya uwanja huo.

Anayetunga chemshabongo achukue maswali yake moja kwa moja kwenye jambo la tano, na ahakikishe swali lina jibu moja. "Ronaldo alivaa jezi gani ya Brazil kwenye Olimpiki ya 1996?" ni swali la kuleta ugomvi, kwa sababu kikosi kilikuwa na Ronaldo Guiaro, beki aliyemzidi umri, ndipo Ronaldo Nazário akaandikwa Ronaldinho mgongoni. Ronaldinho tunayemjua sisi, Ronaldo de Assis Moreira, hakuwepo. Geuza swali: "Kwa nini Ronaldo Nazário aliandikwa Ronaldinho mgongoni Atlanta 1996?" Hapo jibu ni moja, na mezani patakuwa na kicheko badala ya kelele.

Hatua ya 5: Tafuta kwa werevu

Jina la watu wengi ukiliandika tupu kwenye Google utapewa aliye maarufu zaidi, siyo unayemtaka. Funga jina ndani ya alama za nukuu, ongeza fani na mwaka, na umwondoe asiyetakiwa kwa alama ya kutoa: "James Blake" -tennis. Ukurasa wa kwanza utabadilika papo hapo.

Kile kisanduku cha wasifu kinachotokea juu au pembeni usikinakili. Hukusanywa na mashine, na huweza kubeba picha ya mtu mmoja na tarehe za mwingine. Afadhali uende kwenye chanzo kinachompa kila mtu namba yake. Kwa wanariadha, tovuti ya World Athletics ina ukurasa wa kila mkimbiaji, tarehe ya kuzaliwa na matokeo yake. Kwa waigizaji, IMDb humpa kila mmoja namba inayoanza na "nm". Wikidata hutumia herufi Q na tarakimu. Bandika namba hiyo kwenye kadi. Jina linaweza kurudiwa, namba hairudiwi. Wikipedia nayo huwa na kurasa za kutofautisha maana, zinazoorodhesha wajina wote, na mimi huanzia hapo nijue nina kazi ya watu wangapi.

Hatua ya 6: Picha ndiyo inayoumbua

Kosa la jina hewani hupita na upepo. Picha isiyo yake hukaa na kusambazwa. Piga hesabu ya umri kwanza: mwaka wa picha ukitoa mwaka wa kuzaliwa, je, sura inalingana? Tazama jezi, nembo ya mdhamini, namba ya kifuani kwenye marathoni, kisha linganisha na matokeo ya mbio hizo. Ipitishe picha kwenye Google Lens uone ilitoka wapi mara ya kwanza na iliandikiwa maelezo gani. Ikiwa picha yote uliyonayo ni iliyotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp bila chanzo, usiitumie. Weka picha ya uwanja, au ya ala, au usiweke kitu.

Hatua ya 7: Piga simu

Wasanii wetu wengi wa zamani hawana ukurasa wowote wa kuaminika. Wana watoto, wana wapiga ala wenzao, wana jirani. Simu ya dakika mbili inakwenda hivi (majina ni ya mfano tu):

"Assalam aleikum, ami."

"Waaleikum salaam. Nani mwenzangu?"

"Mwanao wa kipindi cha burudani cha jioni. Samahani kwa usumbufu. Nina jina la Omar Said hapa, mpiga udi, naogopa kulisoma kabla sijakuuliza."

"Umefanya vyema. Omar Said wa nani?"

"Ndilo ninalotaka kujua, ami. Hapa pameandikwa amefariki."

"Aliyefariki ni Omar Said Mbarak, wa Mkanyageni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Omar Said Athman ni wa Likoni, anapiga ngoma, na asubuhi alikuwa hapa anakunywa kahawa. Usije ukamuua, mwanangu."

Umeona mzee hakungoja kuulizwa: jina la babu, mtaa, ala. Yaandike alivyoyasema, kisha umrudishie kwa sauti, "Mbarak, Mkanyageni, udi", akubali au akosoe.

Hatua ya 8: Kifo, kesi na dawa: simama mara mbili

Tarehe 9 Aprili 2016 Will Smith alipigwa risasi akafa mjini New Orleans. Alikuwa mchezaji wa zamani wa New Orleans Saints, mpira wa Kimarekani. Mwigizaji Will Smith alikuwa mzima, na miezi miwili baadaye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Muhammad Ali, bondia aliyemwigiza sinemani mwaka 2001. Fikiria kichwa cha habari "Will Smith auawa" bila neno jingine kingefanya nini kwa msomaji wa Kisauni. Katika habari ya kifo, kazi ya marehemu itangulie jina lake, na ipite midomo miwili isiyojuana kabla hujaisoma.

Kwa kesi za mahakamani kuna mfano wa Uingereza ambao wanasheria hawauchoki, Newstead dhidi ya London Express, uamuzi wa 1940. Gazeti liliandika kwamba Harold Newstead, mwanamume wa miaka thelathini wa Camberwell, amehukumiwa kwa kuoa mke wa pili kinyume cha sheria. Ilikuwa kweli, kwa Harold Newstead mmoja. Wa pili, kinyozi wa Camberwell hiyo hiyo na wa umri karibu na huo, akalishtaki gazeti, na mahakama ikakubali kwamba habari ya kweli juu ya mtu mmoja inaweza kumchafua mwenziwe. Fidia aliyopewa ilikuwa senti ya chini kabisa, lakini kanuni ilibaki. Jina, umri na mtaa havikutosha. Kazi ndiyo iliyokosekana.

Dawa za kusisimua misuli ndizo zinazowagusa wakimbiaji wetu zaidi. Kitengo cha uadilifu cha riadha, AIU, hutangaza majina ya waliofungiwa. Usichukue jina hilo ukalibandika kwenye picha ya kwanza uliyoipata. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na mbio anazokimbia, kwa kadi yako. Ikiwa kuna mkimbiaji mwingine anayejulikana kwa jina hilo, mtaje wazi kwamba siye.

Hatua ya 9: Posta na malipo

Mchoraji wa posta asikubali jina tupu. Aombe jina la kisanii lilivyoandikwa na msanii mwenyewe, picha kutoka kwa msanii au meneja wake, na wimbo mmoja unaojulikana wa kuwekwa chini ya jina. Wimbo huo ndio unaomhakikishia mnunuzi wa tiketi kwamba anayekuja ni yule.

Pesa ya kumweka msanii usiitume kwa kuwa tu jina lililojitokeza M-Pesa linafanana. Kwa majina yetu haya kufanana si ushahidi. Namba itoke kwenye mkataba, na msanii aithibitishe kwa sauti yake.

Hatua ya 10: Kama wewe ndiye msanii au mchezaji chipukizi

Tafuta jina lako kabla hujarekodi. Wenzetu wa Marekani wana chama cha waigizaji kisichoruhusu wanachama wawili kutumia jina moja la kazi, ndiyo sababu Michael Douglas mzaliwa wa 1951 alilazimika kujiita Michael Keaton. Michael Douglas mwingine alishatangulia. Uingereza David McDonald alikuta chama kina David McDonald, akawa David Tennant. Kwetu usitegemee kukuta mlango uliofungwa namna hiyo. Ni juu yako mwenyewe.

Liandike jina kwenye YouTube, Boomplay, Spotify, Facebook na TikTok, kwa tahajia zote. Likiwa na mwenyewe, ongeza la babu au la mtaa, usiongeze tarakimu. Likiwa wazi, fungua kurasa zote siku moja. Unaweza kulisajili kama jina la biashara kupitia eCitizen, na kama alama ya biashara kwa KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo, kundi la 41 linalohusu burudani na michezo, ambayo hudumu miaka 10 kisha huhuishwa. Hakimiliki hulinda wimbo, jina haililindi, kwa hiyo usajili wa nyimbo zako kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hautamzuia mwingine kujiita kama wewe. Kisha litumie vile vile kila mahali. Anayejiandika Mudi leo, Moody kesho na Mudy mwezi ujao anajizalia wajina mwenyewe.

Hatua ya 11: Kosa likishatoka

Lisahihishe pale pale lilipotokea, siyo kwingine. Limesomwa saa moja jioni, lisahihishwe kwenye taarifa ya saa hiyo hiyo. Limebandikwa ukurasani, hariri maelezo, badilisha picha, na useme juu kabisa kwamba umerekebisha. Kufuta kimyakimya hakumfikii aliyeshapiga picha ya skrini. Mpigie simu aliyetajwa kimakosa kabla hajakupigia. Kama ni habari ya kifo, ipigie familia yake kwanza, mwenyewe baadaye.

Maneno yenyewe yawe mafupi, yataje wote wawili, na yasirudie tuhuma kwa kirefu: "Jana tulimtaja Omar Said wa Likoni, mpiga ngoma, kuwa amefariki. Aliyefariki ni Omar Said Mbarak wa Mkanyageni, mpiga udi. Omar Said wa Likoni yu hai. Tunamwomba radhi yeye na jamaa zake, na tunawapa pole wafiwa." Halafu fungua kadi mbili.